Masikio Kabla ya Daftari



Kati ya kutangazwa kwa matokeo ya Mtihani wa Serikali na siku ya kwanza ya chuo kikuu kuna miezi isiyo na jina. Mtu amekwisha kuvua sare ya shule, lakini bado hakuna anayemwita mwanachuo. Hapa Kindu wengi wetu huitumia miezi hiyo kusaidia wazazi sokoni, kuvuka Lualaba kwenda kulima upande wa Alunguli, au kukaa tu tukingoja karo ipatikane. Sisi watano wa kikundi kimoja tuliitumia pia kusikiliza historia. Wawili kati yetu walikusudia kuisoma chuoni, mmoja sheria, wawili ualimu. Sote tulijua kwamba mihadhara itatolewa kwa Kifaransa cha vitabu, tena kwa kasi, na hakuna mhadhiri atakayesimama kuturudia kama walivyofanya walimu wetu wa sekondari. Tukaona heri masikio yatangulie, daftari lifuate.

Chombo tulichokichagua kinaitwa podikasti. Kwa yule ambaye bado hajalizoea neno hili, ni kipindi cha sauti kama cha redio, ila hakina saa maalumu: mtu hukipakua kwenye simu, akakisikiliza anapotaka na mara anazotaka. Katika mji ambao umeme hauaminiki na mega za intaneti hununuliwa kwa kuhesabu franga, jambo hili lina uzito wake. Tulikuwa na simu moja nzuri. Usiku wa manane, mtandao unapokuwa mwepesi, mwenye simu alipakua vipindi viwili au vitatu. Asubuhi tulivigawana kwa kadi ya kumbukumbu na kwa Bluetooth, bila kutumia mega nyingine. Kipindi cha saa moja kwa sauti tupu ni chepesi kuliko dakika chache za video. Shida yetu ya kwanza, basi, ikawa ni kujua kipi kinastahili kupakuliwa.

Maana sauti ni nyingi mno. Ukiandika jina la nchi yetu na neno historia, zinakuja kwa mamia: za maprofesa, za waandishi wa habari, za vijana waliojifungia chumbani na kipaza sauti, na za watu wasiojulikana ni nani. Zote zinatoka katika simu ile ile na nyingi zina muziki mzuri. Kitabu kibovu mara nyingi hujitangaza kwa jalada lake na makosa yake ya chapa. Sauti mbovu yaweza kuwa tamu kuliko njema.

Tulilijua hilo kwa njia iliyotuuma. Jioni moja katika mkutano wa vijana, mtu alicheza rekodi iliyokuwa ikizunguka kwenye WhatsApp. Ilikuwa ya nusu saa hivi, ina ngoma nzito nyuma ya maneno, na ilihusu watumwa wa Maniema. Ilieleza kwamba Waarabu waliingia hapa wakaua na kuteka, kwamba Wabelgiji wakaja kutuokoa, na kwamba wajukuu wa wauzaji wa watu wamo bado kati yetu, tunawaona kila Ijumaa wakienda kusali. Msemaji hakutaja jina lake. Mwishoni alisema tuamke.

Pamoja nasi alikuwapo rafiki yetu Mwislamu, aliyesoma nasi darasa moja miaka sita, aliyekuja kumngoja mwenzetu ili waende mpira. Mkoa wetu, kama mjuavyo, una Waislamu wengi, na historia yao hapa imeanzia hasa Kasongo na Nyangwe katika karne ya 19. Hakukasirika. Aliuliza tu: "Nyanya ya nyanya yangu alinunuliwa Kasongo akiwa msichana mdogo. Sasa mimi ni mjukuu wa nani, wa aliyeuza au wa aliyeuzwa?" Hakuna aliyejibu. Rekodi ile haikuwa na nafasi ya mtu kama yule msichana.

Tangu jioni ile, swali la kipindi kipi cha historia ni cha kuaminika lilikoma kuwa swali la kujiandaa kwa masomo tu. Tulimwomba rafiki yetu ajiunge nasi, akakubali kwa sharti kwamba tusikilize mpaka mwisho hata yatakayomuumiza yeye. Tukawa sita.

Tulianza na Nyangwe, kwa sababu ndipo rekodi ile ilipoanzia na kwa sababu Nyangwe si mbali: ni kando ya mto wetu huu huu, upande wa kusini, katika nchi ya Kasongo. Jambo lenyewe linajulikana. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu kama 1,500 walikuwa wamekusanyika, wengi wao wanawake. Watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanyabiashara waliotoka pwani, waliingia sokoni. Ukazuka ugomvi juu ya bei ya kuku, kisha risasi zikaanza. Wengi walipigwa, na wengi zaidi walikufa maji wakijitupa Lualaba kufikia mitumbwi. David Livingstone alikuwapo akaona.

Rekodi ya WhatsApp ilisema waliokufa ni maelfu, na kwamba "wanahistoria wanasema" hivyo. Wanahistoria gani? Tulitafuta vipindi vingine vitatu juu ya siku hiyo hiyo. Kimoja kilikuwa hadithi ya kumsifu Livingstone kuliko kitu kingine. Cha pili kilitaja hesabu ya 330 hadi 400, kikasonga mbele. Cha tatu kilifanya jambo ambalo hatukuwa tumelisikia mahali pengine: kilisimama na kuuliza nani alihesabu. Jibu ni kwamba Livingstone hakuhesabu yeye. Aliandika makadirio aliyoyapata kwa wafanyabiashara wenyewe, yaani upande wa waliofyatua risasi. Huenda walipunguza, huenda hawakujua, kwa kuwa mto hauhesabiki. Hapo tulielewa tofauti kati ya msimulizi anayekupa namba na msimulizi anayekuonyesha mkono ulioiandika.

Kipindi hicho kiliendelea na habari iliyotushangaza zaidi. Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi na wino. Aliandika juu ya magazeti ya zamani, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kwa mbegu za mmea wa huku huku. Wino huo ulififia hata maandishi yakawa hayasomeki. Mwaka 1874, baada ya kifo chake, rafiki yake Horace Waller alichapisha shajara zake huko London, na dunia ikasoma kitabu hicho kwa zaidi ya karne nzima. Kisha mwaka 2011 kundi la watafiti likiongozwa na Adrian Wisnicki liliyapiga picha magazeti yale kwa mianga ya rangi mbalimbali, maandishi ya awali yakaonekana tena. Hayalingani yote na kitabu. Baadhi ya mambo juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe yalikuwa yamelainishwa aliponakili upya. Mauaji yalitokea, hilo halina shaka; lakini shahidi mashuhuri kuliko wote alikuwa ameyapitia tena maneno yake kabla ya kuyakabidhi kwa dunia.

Tungeweza kukata tamaa hapo na kusema basi hakuna wa kuaminika. Wapo wanaosema hivyo, na huiita hekima. Sisi tuliona kinyume chake. Shahidi aliyechunguzwa hivi, akapatikana amepunguza hapa na kukaza pale, tunamjua sasa vizuri kuliko tulipomheshimu tu. Mwinjili Luka mwenyewe, mwanzoni mwa kitabu chake, anamweleza Theofilo kwamba amefuatilia mambo yote kwa uangalifu, kutoka kwa walioyaona tangu mwanzo. Hakuona haya kueleza njia aliyoipitia.

Wanawake wa soko la Nyangwe, kwa upande wao, hawakuacha hata ukurasa. Kipindi kile cha tatu kilisema hivyo wazi, kikanyamaza kidogo. Ule unyamavu ulikuwa na elimu ndani yake.

Baada ya Nyangwe tulimfuata mtu ambaye jina lake halikosi katika masimulizi ya mkoa huu: Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip. Hapa sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati ambayo wasikilizaji wa Paris au Brussels hawana. Mtu huyu alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Rafiki yetu alipata nakala ya maandishi hayo kwenye simu, tukawa tunasoma kurasa kadhaa baada ya kila kipindi. Ni usomaji wa kutisha kwa utulivu wake. Pembe za ndovu zinapimwa kwa frasila, vijiji vinachomwa katika sentensi fupi, na msemaji haoni kwamba ana kitu cha kujitetea. Msimulizi wa podikasti anayemfanya Tippu Tip shujaa wa Afrika hajamsoma. Naye anayemfanya shetani aliyeanguka kutoka mbinguni hajamsoma pia, maana kitabu kimejaa mikataba, madeni, ndoa za kisiasa na machifu wa huku waliofanya naye biashara kwa hiari yao.

Tena kuna hili, ambalo rekodi ya WhatsApp ililiruka kabisa. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley, kwa niaba ya Mfalme Leopold II, alimfanya Tippu Tip huyo huyo kuwa liwali wa Dola Huru la Kongo kule Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani. Aliyetajwa baadaye kuwa mkombozi alikuwa kwanza mwajiri. Vita vya 1892 hadi 1894, vilivyoitwa vita dhidi ya utumwa, vilimaliza ushirika huo. Jeshi la Francis Dhanis liliingia Nyangwe Machi 1893 na Kasongo Aprili. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka huo huo. Askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika. Ngongo Lutete, aliyepigana kwanza upande wa Tippu Tip kisha akahamia upande wa Dola, alipigwa risasi na maofisa wa Dola hilo hilo Septemba 1893. Anayesimulia vita hivi kwa kambi mbili tu, Waarabu na Wazungu, amewafuta babu zetu mara mbili.

Sisi Wakatoliki tuna sehemu yetu ya kuikabili hapa, na haifai kuikwepa. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Aliyoyasema juu ya mateso ya watu wa bara hili yalikuwa na ukweli mzito, na aliyasema wakati wakubwa wengi walikaa kimya. Lakini Leopold alijua jinsi ya kuutumia moto aliouwasha mwingine, na jina la kupinga utumwa likafunika njaa ya pembe na mpira. Mwenzetu mmoja alitaka tusiliandike jambo hili katika ukurasa huu. Tulijadiliana jioni mbili. Mwishowe alikubali yeye mwenyewe, akisema kwamba kama tunawadai Waislamu wasikilize mpaka mwisho, hatuwezi kuzima simu inapofika zamu yetu. Papa Leo XIII, aliyemtuma Lavigerie katika kampeni hiyo, ndiye pia aliyewafungulia watafiti milango ya hifadhi ya nyaraka za Vatikani mwaka 1881.

Nasi tukaanza kuweka orodha. Tulifuta zaidi ya tulivyobakiza. Kati ya tulivyobakiza, cha kwanza kwetu ni "Mémoire d'un continent" cha RFI, kilichoongozwa kwa miaka mingi na Elikia M'Bokolo, mwanahistoria mzaliwa wa Kinshasa aliyefundisha Paris. Hukaa na mgeni mmoja aliyeandika kitabu juu ya jambo moja, na humwuliza amejuaje. Twaongeza hata hivyo kwamba RFI inaishi kwa fedha za serikali ya Ufaransa. Mazungumzo yakigusa Ufaransa yenyewe katika Afrika, sikiliza kwa sikio la pili. Kisha kuna mihadhara ya François-Xavier Fauvelle katika Collège de France, aliyeanza kufundisha huko mwaka 2019 historia na akiolojia ya Afrika. Ni bure. Haina muziki wala utani, na mara ya kwanza wawili wetu walisinzia. Lakini ni chuo kikuu chenyewe hicho, kimekuja mpaka chini ya mwembe wako. Na baada ya mihadhara minne Kifaransa chake kilianza kutuingia. Kwa mambo ya miaka yetu hii tulitegemea Radio Okapi, iliyoanza kusikika Februari 2002 na inayotangaza pia kwa Kiswahili; ni hazina ya sauti za walioishi vita na amani ya karibuni, ingawa si mahali pa kutafuta karne ya 19.

Kwa Kiswahili tulipata vichache vyenye uzito. Vingi ni mtu anayesoma kwa sauti makala aliyoitoa mahali asipopataja. Hili lilituhuzunisha, kwa sababu lugha hii yenyewe ni ushahidi. Iliingia Maniema pamoja na misafara. Waliowafuata wafanyabiashara wa pwani walijiita waungwana, na Kiswahili chao kikaitwa Kingwana. Sala zetu za jioni tunazisali kwa lugha iliyopita katika njia ya minyororo. Bado hatujasikia podikasti inayolisimulia hilo vizuri kwa Kiswahili chenyewe.

Kila tulichosikia tulikilinganisha na maandishi. Katika maktaba ndogo ya parokia kuna nakala isiyo na jalada ya "Histoire générale du Congo" ya Isidore Ndaywel è Nziem, iliyotoka mwaka 1998. Baadhi yenu mtalijua jina hilo kwa sababu nyingine: ndiye mlei aliyekuwa mbele katika kamati ya walei iliyoitisha maandamano ya Desemba 31, 2017. Zipo pia juzuu 8 za Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, zinazopatikana bure kwa Kifaransa, na katika juzuu ya kwanza Jan Vansina ameeleza jinsi masimulizi ya mdomo yanavyochunguzwa. Sura hiyo tuliisoma mara tatu, na ndiyo iliyotutuma nje ya nyumba.

Tulikuwa tumesikiliza vipindi viwili juu ya Novemba 11, 1961, siku ambayo marubani na wahudumu wa ndege 13 wa Italia, waliokuwa katika utumishi wa Umoja wa Mataifa, waliuawa hapa Kindu. Walikuwa wameleta vifaa kwa ndege mbili kwa ajili ya kikosi cha Malaya kilichokaa mjini. Askari waliwadhani ni maadui waliotumwa kutoka Katanga. Kimoja cha vipindi hivyo kilirudia hadithi ya nyama ya watu kuuzwa sokoni, kwa furaha fulani mbaya, kama kwamba mji wetu haujui kitu kingine. Kingine kilieleza kwamba mwaka uliofuata mabaki ya Waitalia hao yalipatikana yamezikwa, yakarudishwa kwao, na sasa wamelala Pisa. Tulimwendea mzee mmoja wa Mikelenge, aliyekuwa mtoto wa miaka kumi wakati ule. Alituambia kwanza aliyoyaona: magari ya askari, mama yake akifunga mlango, baba asiyerudi mpaka usiku. Halafu akasema, "Haya mengine niliyasikia," akabadilisha hata sauti. Hakuna aliyemfundisha Vansina. Wasimulizi wengi wenye studio hawajafikia adabu hiyo.

Baba wa dada mmoja kati yetu aliuliza historia inamlisha nani. Swali la haki, katika nchi hii. Binti hakubishana, alimwomba asikilize naye kipindi kimoja juu ya reli ya Kindu, kwa sababu babu yake alifanya kazi huko. Mzee alikisahihisha mahali pawili. Karo ya mwaka wa kwanza imelipwa nusu, na ameandikishwa.

Ile rekodi ya WhatsApp tuliijibu katika kundi lile lile ilikotoka, kwa sauti ya dakika tisa, tukataja majina yetu, tarehe, na mahali tulipoyapata tuliyoyasema. Watu wawili walitutukana. Wanne waliuliza maswali mazuri. Wengi hawakusema neno, na hatujui kama walisikiliza.

Kisha tulivuka na rafiki yetu kwenda Alunguli, kwa nyanya yake. Ni mama wa miaka themanini na kitu, aliyelelewa na nyanya yake mwenyewe, yule msichana wa Kasongo. Alituuliza kwanza tunataka kufanya nini na maneno yake. Tulipomweleza, alikubali turekodi. Mwanzoni mwa faili mnasikika jina la siku, mahali, na nani anamhoji nani. Kuna sehemu anaposimulia jinsi bei ilivyotajwa, kisha ananyamaza kwa karibu dakika nzima, na nyuma yake mnasikika jogoo na watu wanaoteremka mtoni. Hatukuikata. Faili ina dakika 41. Haijatumwa kokote, kwa kuwa ametuagiza tuirudishe kwanza, akae na wanawe wote, waisikilize pamoja, ndipo aseme nini kitoke na nini kibaki nyumbani.